Kiti Ambacho Hakigombewi

Kila ufikapo msimu wa uchaguzi, jambo la kwanza kusemwa jukwaani ni habari za alikozaliwa mgombea. Husimuliwa kijiji chake, husimuliwa ng'ombe aliowachunga, husimuliwa na skuli aliyoiendea kwa miguu pamoja na umbali wake, ambao aghalabu huongezeka kila msimulizi anapobadilika. Baada ya hapo ndipo hufuata yale atakayoyatanguliza iwapo atapewa dhamana. Makofi huwa mengi zaidi katika sehemu ile ya kwanza. Hapana ubaya katika jambo hilo, kwani mtu huanza kujulikana kwa asili yake. Lakini Mkoa wa Singida umetuonyesha jambo moja linalostahiki kutazamwa na ndugu zetu wa Visiwani, na zaidi na watumishi wa Serikali: kwamba mkoa waweza kutoa wagombea wa kiti cha juu kabisa katika nchi, mmoja baada ya mwingine, na bado kile kiti kinachoyagusa maisha ya mkoa huo kila uchao kikabaki ni kiti ambacho hakigombewi, wala anayekikalia haulizwi habari zake kabla ya kukikalia. Kiti hicho ni cha Mkuu wa Mkoa.

Mwandishi wa makala haya ni mtu wa Visiwani, aliyeanzia chuoni kwa alifu na bee kabla ya kupelekwa skuli ya Serikali, na ambaye kazi za Chama zilimfikisha Bara na kumweka Singida kwa muda. Hapo nyuma aliijua Singida kama wengi wetu tuijuavyo: mahali ambapo basi la kwenda Mwanza husimama abiria wanywe chai. Ni kosa kubwa. Singida ni nchi pana. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 49,000, yaani Unguja na Pemba pamoja zingeweza kutandikwa humo mara ishirini hivi. Ardhi yake ni ya uwanda wa juu, mvua zake ni chache na za msimu mmoja, na miamba mikubwa ya mawe imejitokeza kila mahali, hata katikati ya mji. Pembeni mwa mji huo yapo maziwa ya Singidani na Kindai. Kusini, upande wa Manyoni, ndiko vilipo vichaka vya Itigi, na ndiko ipitako reli ya kati. Wakazi wake ni Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo, Wasukuma, Watatoga, na Wahadzabe wachache upande wa kaskazini. Kuku wa Singida huliwa Dar es Salaam, vitunguu vyake husafiri mbali, asali ya Manyoni na Itigi ina sifa yake, na kando ya barabara kuu msafiri hukuta madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa juani kama askari wa gwaride.

Kuna hesabu moja ambayo mtu wa Visiwani akiisikia hana budi kusita. Katika sensa ya 2022, Mkoa wa Singida ulihesabiwa watu 2,008,058. Zanzibar yote, Unguja na Pemba, ilihesabiwa watu 1,889,773. Zanzibar ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi, mawaziri na mahakama zake. Nayo ina haki ya kuwa navyo, maana ilikuwa dola kabla ya Aprili 1964 na iliingia katika Muungano ikiwa dola. Haki hiyo haikutokana na wingi wa vichwa, na anayetaka kuipima kwa mizani ya vichwa amepotea njia. Hata hivyo hesabu hiyo yatusaidia kuona ukubwa wa dhamana tunayoizungumzia. Watu milioni mbili wa Singida wana mtu mmoja anayeitwa kiongozi wa Serikali katika mkoa, na mtu huyo huwajia kwa uteuzi.

Tuwatazame basi wagombea ambao mkoa huu umewatoa, kwa kuwa kwao ndiko twaweza kupima thamani ya historia ya mtu na thamani ya vipaumbele vyake.

Mwaka 2015, wanachama zaidi ya 30 wa Chama Cha Mapinduzi walipoomba kuteuliwa kugombea Urais wa Muungano, wawili kati yao walitoka Singida. Mmoja ni Ndugu Mwigulu Nchemba, mzaliwa wa Iramba mwaka 1975, msomi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya kazi Benki Kuu kabla ya kuwa Mbunge wa Iramba Magharibi mwaka 2010. Wa pili ni Ndugu Lazaro Nyalandu, Mbunge wa Singida Kaskazini tangu 2000, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Wote wawili hawakufika katika tano bora, ambamo Visiwani tuliwakilishwa na Bibi Amina Salum Ali. Na tarehe 12 Julai 2015 Chama kikamteua Ndugu John Magufuli. Ndugu Nyalandu alijiuzulu ubunge Oktoba 2017 na kuhamia upinzani, akaomba huko nako kuteuliwa mwaka 2020, na mwaka uliofuata akarejea Chama Cha Mapinduzi. Safari hiyo ni ndefu na maelezo yake anayo mwenyewe.

Aliyemshinda Ndugu Nyalandu katika uteuzi wa CHADEMA mwaka 2020 naye ni mtu wa Singida. Ndugu Tundu Lissu alizaliwa Ikungi tarehe 20 Januari 1968. Alisoma Ilboru, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Chuo Kikuu cha Warwick huko Uingereza, sheria tupu. Kabla ya siasa za Bunge alifanya kazi katika shirika la wanasheria wa mazingira, LEAT, na jina lake lilianza kusikika kwa kuwatetea wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Mwaka 2010 akawa Mbunge wa Singida Mashariki. Tarehe 7 Septemba 2017 alipigwa risasi nyingi nje ya makazi yake Dodoma, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, na hakurudi nchini ila Julai 2020, tayari kwa kampeni. Tume ilipotangaza matokeo, alikuwa amepata kiasi cha kura 13 katika kila 100, na Ndugu Magufuli 84. Shauri la uhaini alilofunguliwa Aprili 2025 ni la mahakama, si la ukurasa huu. Mimi ni kada wa Chama kingine na sikumpigia kura. Lakini kada anayeogopa kutaja historia ya mpinzani wake kwa ukweli hana anachokilinda.

Ajabu iliyopo ni hii. Watu hawa watatu walizaliwa katika mkoa mmoja wa wakulima na wafugaji, na tofauti ya umri wao haizidi miaka saba. Jua lililowachoma ni moja. Lakini vipaumbele vyao vilitofautiana kama mashariki na magharibi. Ndugu Nchemba alizungumza lugha ya uchumi na mapato. Ndugu Nyalandu, wakati wa uwaziri wake, alijulikana kwa wanyamapori na utalii. Ndugu Lissu alitanguliza Katiba, haki na mipaka ya madaraka. Anayeamini kwamba kuzaliwa mahali kunatosha kumfanya mtu ajue mahali hapo pahitaji nini kwanza, na awatazame hao watatu kisha aseme ni yupi aliyesemewa na asili yake.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa alizeti. Zao hili ndilo fedha ya Singida. Hupandwa mvua ziwashapo mwishoni mwa mwaka, na huvunwa kuanzia Mei. Mwaka 2021 Serikali iliichagua Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kuanzia katika juhudi za kuondokana na mafuta ya kula ya kutoka nje. Mbegu zikagawiwa, maofisa ugani wakasogezwa mashambani, wakulima wakahimizwa kupanua mashamba, nao wakaitika. Kisha bei za mafuta duniani zikapanda, hasa baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, na mlaji wa mjini akalia. Serikali ikapunguza mzigo wa kodi katika mafuta ya nje ili kumwokoa mlaji huyo. Meli zikaleta mafuta. Ulipofika msimu wa 2023, mkulima aliyehimizwa kupanua shamba alikuta bei ya mbegu yake imeporomoka, kilio chake kikafika Bungeni, na baadaye ushuru ukapandishwa tena.

Waziri wa Fedha wakati huo wote alikuwa Ndugu Nchemba, mwana wa Iramba, jimbo ambalo alizeti yake huonekana kutoka barabarani. Sisemi haya kwa kumlaumu. Waziri wa Fedha ni wa nchi nzima, na muuza chapati wa Dar es Salaam na wa Mkunazini naye ni raia. Sisi wa Visiwani mafuta yetu ya kupikia takriban yote huja kwa jahazi na meli. Bei iliposhuka nasi tulishukuru, wala hatukuuliza nani amelipia ahueni ile. Ninachosema ni kwamba asili ya kiongozi haikuweza, na pengine haikupasa, kuibadilisha hesabu ile. Mnamo Novemba 2025 Ndugu Nchemba aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, na Singida ikashangilia kwa haki. Lakini shangwe hiyo haikaushi alizeti wala haiikamui.

Sasa turudi kwenye kiti chetu.

Singida ilifanywa mkoa mwaka 1963. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati lililotawaliwa kutoka Dodoma chini ya Mwingereza aliyeitwa Mkuu wa Jimbo, ambaye hakuna mwananchi aliyemchagua wala aliyetarajia kumchagua. (Vijana wa leo wakisikia neno jimbo hudhani ni la mbunge tu, wazazi wetu wa Bara walilijua kwa maana nyingine, na maana hiyo tutaikuta tena hapa chini.) Baada ya Uhuru, TANU iliweka wakuu wa mikoa wapya, watu wa siasa, ambao kwa cheo chao walikuwa pia makatibu wa Chama mkoani. Sababu ilikuwa wazi. Nchi changa ilihitaji mtu mmoja katika kila mkoa wa kuifikisha sauti ya Serikali kijijini, na ya kijiji Serikalini. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na uzito wote ukahamia kwa Mkuu wa Mkoa na maofisa wake wa maendeleo. Jina la mpango lilisema madaraka yamekwenda mikoani, na kweli yalikwenda. Isipokuwa yalifika kwa maofisa, yakaishia hapo. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za 1982, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa, sawa na kuvunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Ni viongozi wachache waliopata kusema maneno kama hayo wakiwa bado madarakani.

Leo Singida ina halmashauri saba: Manispaa, Singida Vijijini, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Madiwani wake huchaguliwa. Juu yao yupo Mkuu wa Mkoa. Ibara ya 61 ya Katiba ya 1977 humpa Rais madaraka ya kuwateua wakuu wa mikoa wa Bara. Wa Zanzibar huteuliwa na Rais wa Zanzibar baada ya kushauriana na Rais wa Muungano. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 humfanya kuwa mwakilishi wa Serikali katika mkoa, humkabidhi usimamizi wa usalama, na humpa uwezo wa kuamuru mtu awekwe kizuizini kwa saa zisizozidi 48. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ambamo mipango ya halmashauri hupitia. Fedha za maendeleo si nyingi zilizo mkononi mwake, na wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba cheo chake ni cha kukata utepe. Hao hawajapata kuishi mkoani. Mkuu wa Mkoa akisema msimu huu ni wa madawati, walimu wakuu wa mkoa mzima huacha yote wakahesabu madawati. Akisema ni wa miti, ni miti. Akisema nafaka isitoke, malori husimama. Kipaumbele chake huwa ndicho kipaumbele, siku ile ile, bila ya kura hata moja.

Na watu hao hubadilika. Kati ya 2016 na 2024 Singida ilipokea wakuu wa mkoa watano: Ndugu Mathew Mtigumwe, Dk. Rehema Nchimbi, Dk. Binilith Mahenge, Ndugu Peter Serukamba na Bibi Halima Dendego. Dk. Nchimbi ndiye aliyekaa kwa muda mrefu. Alitoka Njombe mwaka 2016 na alikuwepo hadi 2021. Ndugu Mtigumwe alikaa miezi michache tu kabla ya kuhamishiwa wizarani. Machi 2024 Ndugu Serukamba alihamishiwa Iringa, na Bibi Dendego akatoka Iringa kuja Singida, yaani walibadilishana viti. Wote ni watu wenye historia zao nzuri: Dk. Mahenge alipata kuwa Waziri, Ndugu Serukamba alikuwa Mbunge wa Kigoma kwa miaka mingi, Bibi Dendego aliwahi kuongoza Mtwara. Siwalaumu hata mmoja wao kwa lolote. Nauliza tu kama yupo mkulima wa Ikungi aliyesomewa historia ya yeyote kati yao kabla hajafika, au aliyeambiwa ni mambo gani matatu atakayoyatanguliza, na kwa nini hayo na si mengine.

Nakumbuka mkutano mmoja, si mbali na barabara ya kwenda Manyoni, uliofanyika chini ya mkuyu. Tulikuwa tumetumwa kuwatayarisha wananchi kwa ziara ya kiongozi mpya. Mzee mmoja, kofia mkononi, alisubiri wengine wamalize, kisha akasema: "Mwanangu, mbunge alipokuja kuomba kura tulimuuliza babaye nani na maji ataleta lini. Diwani tulimuuliza. Mwenyekiti wa kijiji tulimuuliza hadi akakasirika. Huyu mkubwa wao anayekuja, sisi tutamuuliza lini?" Nilimjibu, "Mzee wangu, huyo hagombei." Akaniambia, "Najua hagombei. Nimekuuliza tutamuuliza lini." Sikuwa na jibu, nikampa shikamoo ya kuagana, na ratiba ikaendelea.

Wapo wenye jibu tayari. CHADEMA kwa miaka mingi imekuwa na sera ya majimbo: nchi igawanywe katika majimbo makubwa, kila moja na serikali yake na mkuu wake aliyechaguliwa na wananchi. Ndugu Lissu aliibeba sera hiyo katika kampeni ya 2020, na kwa hakika yeye ndiye mtu wa Singida aliyepata kulisema waziwazi suala la mzee wangu wa chini ya mkuyu. Ndugu Magufuli alimjibu katika kampeni hiyo hiyo kwamba majimbo yataligawa taifa. Hoja zote mbili zafaa kupimwa kwa yaliyotokea kwa majirani.

Kenya ilichagua magavana wa kaunti zake 47 kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 2013, chini ya Katiba ya 2010. Kisiwani Lamu, ndugu zetu wa damu na wa lugha, walimchagua Ndugu Issa Timamy. Mwaka 2017 wakamwondoa na kumweka Ndugu Fahim Twaha, na mwaka 2022 wakamrudisha yule wa kwanza. Huo ndio uwezo wenyewe: kumweka mtu, kumpumzisha, na kumwita tena. Katiba yao yazihakikishia kaunti fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, hivyo gavana anapotaja vipaumbele huwa na kitu mkononi. Lakini ni kweli pia kwamba mwaka 2020 pekee Baraza la Seneti liliwaondoa magavana wawili, wa Kiambu na wa Nairobi, kwa tuhuma za ubadhirifu na matumizi mabaya ya madaraka. Uchaguzi haumsafishi mtu mikono.

Komoro ni somo la pili, na sisi watu wa bahari twalijua vizuri kuliko wa Bara. Kila kisiwa, Ngazija, Nzwani na Mwali, kilipewa rais wake kwa Katiba ya 2001. Mwaka 2007 Kanali Mohamed Bacar wa Nzwani alifanya uchaguzi wake kinyume cha amri ya Serikali ya Umoja na Umoja wa Afrika, akajitangazia ushindi, akakataa kuondoka. Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika yalishuka Nzwani, na miongoni mwao walikuwamo askari wa Jeshi letu la Wananchi. Mwaka uliofuata Wakomoro walipiga kura ya maoni, na marais wa visiwa wakashushwa kuwa magavana. Atakaye kuyatetea majimbo asiiruke kurasa hiyo, na atakaye kuyakataa asisahau kwamba Wakomoro hawakuacha kuwachagua magavana wao.

Rai yangu mimi ni kwamba majimbo hayatufai. Tanzania ilihangaika sana kumfanya Mnyaturu na Mmakonde na Mpemba wajione wa nchi moja, na mkoa maskini kama Singida ungekuwa wa kwanza kuumia kama kila jimbo lingeambiwa lijilishe. Lakini kuyakataa majimbo si kulijibu swali. Kwa muda mrefu sisi makada tumefanya kosa hilo: mtu akiuliza ni lini atamuuliza Mkuu wa Mkoa, twamjibu kwamba umoja wa taifa una thamani. Una thamani, naam. Swali bado lipo pale pale.

Wala si lazima twende mbali kutafuta njia. Katika uchaguzi wa 1965 wa Tanzania Bara, wakati wa chama kimoja, wagombea wawili wa kila jimbo, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, walipandishwa jukwaa moja, chini ya msimamizi mmoja. Walikatazwa kutaja kabila, dini wala rangi. Kila mmoja alieleza yeye ni nani na angefanya nini, kisha wananchi wakauliza maswali. Mawaziri walianguka katika uchaguzi ule, akiwamo Waziri wa Fedha Ndugu Paul Bomani, na Chama hakikuvunjika. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na hakuna anayetaka kuurudisha mzima mzima. Lakini lile jukwaa la maswali lingeweza kurudishwa kesho kwa ajili ya Mkuu wa Mkoa, bila ya kubadili hata herufi moja ya Katiba.

Hebu na tufikiri hivi. Rais ateue kama Katiba isemavyo. Aliyeteuliwa, katika kikao chake cha kwanza cha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, asimame mbele ya wakuu wa wilaya, wenyeviti wa halmashauri, wakurugenzi na wabunge, milango ikiwa wazi na redio ya mkoa ikiwapo, aeleze historia yake ya kazi: wapi ameongoza, alikuta nini, aliacha nini. Kisha ataje mambo matatu, yasizidi, atakayoyatanguliza mkoani humo. Na baada ya mwaka arudi mbele ya watu hao hao aulizwe yamefika wapi. Kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa kikao, siku hiyo kiti akikalie mtu mwingine; mwenyekiti wa halmashauri mmojawapo atosha.

Ofisa mmoja niliyemweleza shauri hili alicheka akasema litawatia hofu wateule. Hofu hiyo ndiyo niitakayo, kwa kiasi chake. Mbunge hulala nayo miaka mitano. Chuoni tulifundishwa kwamba cheo ni amana na kwamba amana ina siku ya kuulizwa. Sijasikia popote kwamba wateule wamesamehewa siku hiyo.

Na kwa Singida maswali yenyewe hayahitaji kutafutwa. Maji ni la kwanza: visima virefu vimechimbwa kwa miaka mingi, na Ndugu Mohammed Dewji, Mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, aliviweka mbele katika ubunge wake, lakini kisima huhitaji pampu, pampu huhitaji mafuta au umeme, na kamati ya kijiji huhitaji mtu wa kuikagua. La pili ni alizeti na ghala lake. Mkulima auzaye Mei kwa sababu hana pa kuhifadhia huuza kwa bei ya mnunuzi. Hapa Visiwani mwenye karafuu anajua bei ya Shirika la Biashara la Taifa kabla hajapanda mkarafuuni, na tangu 2011 Serikali imeahidi kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Tunayo malalamiko yetu juu ya utaratibu huo, mengine ya haki, lakini mchumaji wa Wete halali usiku wa kuamkia msimu akiwaza kama kazi yake itakuwa na thamani yoyote. La tatu ni mikondo mipya ya uchumi: reli ya kisasa ipitayo Makutupora na Itigi, na bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda kwenda Tanga, ambalo nalo hukatiza ardhi ya Singida. Nani mkoani anahesabu ni vijana wangapi wa Iramba na Manyoni walioajiriwa humo, na fidia za mashamba zimelipwa lini?

Hayo si mambo ya kumpa mtu mmoja ayamalize. Ni mambo ya kumuuliza aseme ataanza na lipi.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wasiyasome haya kama habari za nchi ya mbali. Mikoa yetu mitano, mitatu ya Unguja na miwili ya Pemba, ina wakuu wake, na tarehe za uteuzi wao twazisikia redioni kwa namna ile ile wazisikiavyo watu wa Singida. Mvuvi wa Kojani naye humwona Mkuu wa Mkoa mara ya kwanza akiwa amekwisha kuapa.

Kuna jambo dogo la kalenda ambalo maofisa watalielewa upesi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na hotuba ya bajeti husomwa Juni, ushuru wa mafuta ya kula ukiwa ndani yake. Alizeti ya Singida huanza kuvunwa Mei. Mkuu wa Mkoa atakayetaka kuwasemea wakulima wake kuhusu ushuru huo hana budi awe ameandika barua yake kabla ya Februari, wakati alizeti ingali changa shambani na hakuna anayelalamika bado.